Sensa Ilikuwa Inasema Kweli

Kabula mwanangu,

Ulipoondoka asubuhi kwenda Nyalikungu kumuaga bibi yako, nilikwenda gereji kama kawaida, lakini saa sita mchana nikafunga. Wateja wawili walinikuta naweka kufuli wakaniuliza nani amefariki. Nikawaambia hakuna aliyefariki, binti yangu anakwenda Dodoma kesho kusomea umeme wa magari. Mmoja akasema, "Sasa hilo ndilo la kufungia gereji?" Nikamjibu, "Ndilo."

Nimekaa kwenye meza ya kulia chakula na tangu nikae nimeshasimama mara tano kwenda kulitazama begi lako. Mara ya mwisho mama yako amenifukuza. Kasema begi halitakwenda popote bila mwenyewe, na kama nina la kusema nilisemee kwenye karatasi. Basi ndiyo naandika. Mkono umezoea spana kuliko kalamu, utanisamehe mwandiko.

Mambo ya kula na kulala, kanisa, na watu wa kuwakwepa, mama yako ameyasema wiki nzima na wewe umeitikia. Sirudii. Nataka kukuandikia habari ya gari la shangazi yako. Unaijua, maana wewe ndiye uliyeimaliza. Lakini uliijua ukiwa chini ya gari. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni na mambo yangu moyoni, na hayo sijawahi kukwambia. Sitaki uondoke hujayajua.

Nianze mbali kidogo. Ufundi nilijifunzia Mwanza, kwa mzee mmoja ambaye hakuwahi kunieleza kitu hata kimoja. Alikuwa anainamisha sikio juu ya injini, anasema "plagi ya tatu," ukiifungua ni ya tatu kweli. Nilitaka kuwa yeye. Niliporudi Bariadi nikawa yeye. Malori ya pamba yalikuja na kuondoka, na watu wakaanza kuniita Fundi Sikio. Unajua jinsi jina likipendeza linavyomharibu mtu? Nikawa siwezi tena kumwambia mteja kwamba sijui. Sikio linatakiwa lijue.

Halafu yakaja magari yenye kompyuta. Nikanunua kile kimashine cha kuchomeka chini ya usukani, kikawa sikio langu jipya. Kikisema sensa, kile kifaa kidogo kinachoipasha kompyuta habari za injini, nabadilisha sensa. Gari likipona, mimi fundi. Lisipopona, nasema spea siku hizi ni feki. Nimefanya kazi hivyo miaka mingi, mwanangu, na watu wameniamkia kwa heshima zote.

Wewe ulianza kuja gereji ukiwa darasa la sita. Nilikukuta umechukua mita yangu ya umeme, unapima betri za redio ya mama yako na kuandika namba kwenye daftari la hisabati. Nikakunyang'anya mita nikakwambia grisi siyo mambo ya wasichana. Hukulia. Uliuliza tu, "Kwani grisi inajua?" Nilicheka, nikakufukuza hivyo hivyo. Nimelikumbuka swali hilo mara nyingi mwaka huu, nikiwa nakutazama umejilaza chini ya lori miguu nje.

Sasa gari la shangazi.

Unakumbuka lilivyokuwa muhimu kwake. Mumewe alipofariki alimwachia watoto watatu na lile gari la siti saba, na nyumba yake yote ikawa inakula kwa gari hilo. Miaka saba iliyopita lilianza kuchoka. Likipanda kilima kidogo linakohoa. Alikuja kwangu kwa sababu mimi ni mdogo wake na kwa sababu mimi ni Sikio. Tatizo nililijua upesi: yale masega yaliyo ndani ya bomba la eksozi, yanayosafisha moshi kabla haujatoka nje, yalikuwa yameziba. Dawa yake ni kuweka mengine. Mimi nilichukua patasi. Nililipeleka bomba nyuma ya gereji, nikayavunjavunja masega yote nikayamwaga, nikachomelea bomba likaonekana zima. Wakati wa kulifungua, bolti moja kati ya tatu pale mbele, karibu na injini, ilikatikia ndani. Nikarudishia mbili. Gari likawa jepesi kama limezaliwa upya. Shangazi yako akaniuliza nimefanya nini. Nikamwambia, "Nimelisafisha."

Nilisema neno hilo moja tu, nikalisahau.

Mwaka jana, msimu wa pamba, ile kampuni ya kupeleka wageni hifadhini ikatangaza kule Lamadi kwamba inatafuta magari. Sharti lao lilikuwa moja ambalo huku hatukuwa tumelizoea: kila gari lipimwe moshi kwa mashine. Shangazi alikuja nyumbani anatembea kama msichana. Na dereva wake Mhoja, yule kijana wa Mwamanyili, aliliosha gari mpaka chini ya bodi. Tulikwenda watatu. Mkaguzi, bwana mmoja wa miwani, mpole, akaingiza mpira kwenye eksozi, akatazama kioo cha mashine yake, akatikisa kichwa. Hewa chafu ilizidi mara nyingi. Na taa ya injini ilikuwa inawaka kwenye dashibodi.

Nilichomeka kimashine changu. Kikataja sensa za oksijeni, ya mbele na ya nyuma. Nikamwambia shangazi yako hapo hapo, mbele ya madereva wenzake Mhoja, "Sensa zote mbili zimekufa. Wiki moja tu, dada." Nikaagiza nyingine Mwanza, nikafunga. Taa ikawaka tena. Sikupima kitu. Kwa sababu siku ya kurudi Lamadi ilikuwa imefika, nilifanya jambo ambalo mafundi wengi wanalifanya: asubuhi ile nilichomoa waya wa betri, kompyuta ikasahau kila kitu, taa ikazima. Nikamrudishia Mhoja ufunguo bila kusema neno.

Wewe hukuwepo Lamadi siku ile, kwa hiyo nikueleze vizuri.

Mkaguzi alichomeka mashine yake kwanza kabla ya mpira. Akasoma, akavua miwani. Akasema, bila kupandisha sauti, "Kompyuta ya gari hili imefutwa leo. Haijamaliza hata kujipima yenyewe. Nani ameifuta?"

Tulikuwa tumesimama mimi, shangazi, Mhoja, na foleni ya madereva nyuma yetu. Akapima moshi hata hivyo, na ulikuwa mchafu vilevile. Shangazi akanigeukia. "Baba Kabula, si umeweka sensa mpya?"

"Nimeweka."

"Sasa moshi huu unatoka wapi?"

Hapo, mwanangu, nilikuwa na nafasi. Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema kuhusu patasi, maana wakati ule nilikuwa nimeshaanza kukumbuka. Nikasema, "Sensa haiwezi kusafisha mafuta yaliyochakachuliwa. Muulize dereva wako anajaza wapi."

Sikusema ni mwizi, kwamba anajaza mafuta ya bei rahisi na kubaki na chenji. Nilijitetea hivyo kwa wiki nzima, kwamba sikumwita mwizi, nilisema aulizwe. Lakini nilijua ninachofanya. Mhoja alinitazama akasema, "Mimi, baba?" Basi. Tulirudi Bariadi, na kwenye kituo cha mafuta pale mjini shangazi yako akamwomba ufunguo. Habari ilitembea upesi kuliko gari. Stendi walianza kumwita Chakachua. Baada ya siku tatu akabeba nguo zake akarudi kwao Mwamanyili.

Ulikuwa umemaliza kidato cha nne, uko nyumbani. Jioni ile nilipokuwa nalalamika mezani kwamba spea zote siku hizi ni feki, uliniuliza, "Baba, sensa zile ulizipima kabla ya kuzitoa?" Nikakwambia kula. Ukala. Ulipomaliza ukasema, "Naomba nilipime mimi. Sibadilishi kitu. Napima tu." Shangazi alikuwa amebakiwa na nafasi moja tu ya kurudi Lamadi. Nilikubali kwa sababu nilikuwa nimeishiwa, na ndani yangu nilitumaini na wewe utashindwa. Nisamehe kwa hilo. Baba mzima nilitumaini mwanangu ashindwe ili nisiwe peke yangu.

Kulipokucha ulikuja gereji na mita ileile niliyokunyang'anya. Uliunganisha kwenye waya wa sensa ya mbele, ukawasha gari, ukakaa unaitazama namba. Dakika kumi nzima hukugusa kitu. Mimi nilikuwa nawashwa mikono. Sensa nzima, uliniambia, namba yake hupanda na kushuka muda wote, mafuta yakizidi inapanda, hewa ikizidi inashuka. Hii imelala chini, haiinuki.

"Si nilisema," nikakwambia. "Na hii mpya nayo imekufa."

"Labda. Au inaona hewa nyingi kweli."

Ukanyunyizia mafuta kidogo kwenye njia ya hewa ya injini. Namba ikaruka juu palepale, halafu ikarudi chini. Ukanyunyizia tena, ikaruka tena. Ukaniangalia umekenua meno yote. "Ni nzima, baba. Ukiipa mafuta inayaona. Ngoja nifunge ile ya zamani uliyoitoa." Ukaiokota kwenye boksi la takataka, ukaifunga, ikafanya vilevile. Nilikuwa nimetupa sensa nzima, nikaweka nzima nyingine, nikajiita fundi.

Ya nyuma ulikuta kweli mbovu, na mpya niliyoiweka imeshaharibika kama ya kwanza, kwa sababu waya wake nilikuwa nimeuacha umelalia bomba la moto ukayeyuka. Kimashine hakikukosea kabisa. Kilitaja sensa, na mimi sikukiuliza kwa nini.

Nilikuwa nimesimama mlangoni sasa. Sikuweza kwenda kwa wateja. Ulisema hivi, nakumbuka neno kwa neno: "Sensa ya mbele inasema kweli kwamba kuna hewa. Lakini hewa hiyo haitoki kwenye injini. Inaingilia njiani." Ukaziba eksozi kwa nyuma na kitambaa, ukapuliza hewa ya kompresa taratibu, ukapaka povu la sabuni kwenye maungio yote ukianzia mbele. Hukufika mbali. Pale pale karibu na injini, kwenye tundu lisilo na bolti, povu likaanza kuchemka.

Kabula, mimi nimefanya kazi hii miaka mingi na sijawahi kuona kitu kizuri kama lile povu. Nilisahau kabisa nilichokuwa naogopa. Ukanieleza umelala chali, unaongea na bomba: eksozi inapopumua inavuta hewa ya nje pale penye uwazi, sensa inaiona, kompyuta inafikiri injini ina njaa, inaiongezea mafuta, na mafuta hayo ndiyo yanatoka kama uchafu. Kila kitu kilikuwa kinafanya kazi yake kwa uaminifu. Sensa na kompyuta hazikudanganya. Aliyedanganya alikuwa mmoja, na sasa alikuwa amechuchumaa anakushikia tochi.

Nikaona mkono wako unagonga bomba kwa nyuma kidogo, mara mbili, mara tatu. Ukatoka chini, masizi mpaka kwenye nyusi.

"Baba, bolti moja ilikatikia humu zamani. Na kwenye masega nimegonga, panalia patupu."

Nikakwambia endelea na kazi.

Hukuendelea. Ulifuta mikono, ukauliza kwa sauti ndogo, "Shangazi anajua?"

"Hajui."

"Na Mhoja?"

Ukanitazama, siyo kwa hasira, ningependa ingekuwa hasira. Ukasema, "Gari nitalitengeneza. Hilo lingine mimi sina spana yake." Ukarudi chini.

Nimeyabeba maneno hayo mpaka leo. Ungeweza kumpigia shangazi yako simu. Ungeweza kulisema mezani mbele ya mama yako, nami ningekuwa sina pa kwenda. Uliniachia mimi niliseme. Sijui ulijifunzia wapi, maana kwangu siyo.

Sasa nikwambie nilichofanya, na hili ndilo ninaloonea aibu zaidi kuliko patasi. Nilikaa siku mbili. Nilijiambia ngoja gari lipone kwanza, likipona nani atauliza? Tulitoboa ile bolti iliyokatika, tukaweka gasketi mpya, masega mazima niliyafuata Mwanza mwenyewe, sensa ya nyuma ukaifunga na waya ukaupitisha mbali na bomba. Nilifanya kazi kwa bidii ambayo sijawahi kufanya, nikijidanganya kwamba bidii ni sawa na kusema. Siku ya pili jioni ukawasha gari, ukaunganisha mita, tukasubiri lipate moto. Namba ikaanza kutikisika. Ikapanda, ikashuka, ikapanda.

"Inacheza, baba," ukasema.

Ilikuwa inacheza kweli. Ulinishika bega na mkono mchafu, na mimi nikataka kucheka nikashindwa, kwa sababu nilikuwa nimemkumbuka Mhoja alivyokuwa akiufuta mlango wa gari lile kwa shati lake. Nikakwambia nakwenda kwa shangazi yako. Ulisema tu, "Haya, baba," ukazima gari.

Ulikuwa unajua nimekwenda, lakini hujui yaliyosemwa.

Shangazi yako alinisikiliza mpaka mwisho akiwa anachambua mchele kwenye ungo. Nilimwambia kuhusu masega, bolti, na waya wa betri. Nilimwambia kwamba suala la mafuta nililitunga pale pale. Aliendelea kuchambua. Nilifikiri hajasikia. Kisha akauliza, "Miaka sita?"

"Ndiyo, dada."

"Na ungenyamaza kama mtoto asingeliona?"

Nikamwambia ukweli. Nikamwambia naona ningenyamaza.

Akauweka ungo chini. "Mimi nitakusamehe kwa sababu sina mdogo mwingine. Lakini nilimnyang'anya mtoto wa watu ufunguo kituoni, watu wanatazama, kwa neno lako. Sitakusemea. Kesho tunakwenda Mwamanyili, na utasema wewe, mbele ya watu wa kwao. Maana hiyo habari iliwafikia na wao."

Tulimkuta Mhoja anageuza mpunga juu ya turubai, pamoja na mama yake na kaka yake mkubwa. "Mwadila," nikawaamkia. Mama yake akaitikia, akatuletea vigoda. Mhoja hakuacha kugeuza mpunga. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu njia nzima, kwamba kazi ya ufundi ina changamoto zake, kwamba binadamu hukosea. Nilipokaa kwenye kile kigoda nikaona hayo yote ni waya wa betri tu, ni kuzima taa. Nikasema:

"Gari liliharibika kwa mkono wangu miaka sita iliyopita, kabla hujalishika. Mafuta yalikuwa safi. Nilijua sina uhakika nilipokutaja, na nilikutaja ili wasinitazame mimi. Wewe hukuiba kitu."

Mama yake akashika mdomo. Kaka yake akasimama, na nilifikiri atanipiga, na nisingemzuia. Mhoja akauliza, "Hayo utayasema stendi?"

Nikasema nitayasema.

"Stendi ya Bariadi, siyo hapa kwetu."

"Bariadi."

"Basi kayaseme kwanza. Mimi nitasikia."

Nilikwenda asubuhi iliyofuata, saa ambayo madereva wote wapo. Nadhani hilo ulilisikia, maana mji mzima ulisikia. Wengine walicheka. Mmoja aliniuliza kama hilo Sikio lilikuwa limeziba nalo. Nilirudi gereji nimelowa jasho kama nimesukuma lori, na nakwambia ajabu moja, mwanangu: nilikuwa mwepesi. Kwa mara ya kwanza nilimsikiliza mteja mpaka akamaliza kueleza gari lake lina nini.

Mhoja alikuja siku ya kupimwa. Hakuja kwa ajili yangu. Alimwambia shangazi yako kwamba gari lile lilimtia aibu Lamadi, na litamwondolea aibu hiyo hukohuko Lamadi. Akaendesha yeye, shangazi mbele, mimi na wewe nyuma na mita yako mapajani.

Siku hiyo uliiona yote, lakini acha niifurahie tena kidogo. Mkaguzi alichomeka mashine yake na kusema, "Hii imejipima ikamaliza." Akaingiza mpira kwenye eksozi. Namba zikaanza juu, zikashuka, zikaendelea kushuka, mpaka zikawa ndogo hivi kwamba alivua miwani, akaifuta, akapima upya. Madereva wakaacha foleni wakaja kutazama kioo. Mhoja alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, anakanyaga mafuta taratibu kama alivyoambiwa, hapepesi macho. Mkaguzi akaandika. Akauliza, "Fundi ni nani?"

Watu wakanitazama mimi. Nikasema, "Binti yangu huyu."

Nimesema maneno mengi maishani, na hayo nafikiri ndiyo niliyoyasema vizuri kuliko yote. Akakuita. Akakuuliza mlijuaje kwamba sensa ya mbele ni nzima, ukamweleza habari ya kunyunyizia mafuta, habari ya povu, na mkaongea kwa muda mrefu hata shangazi yako akaanza kulalamikia jua. Mkaguzi huyo ndiye aliyekuandikia jina la chuo kwenye mgongo wa fomu. Nilikuwa nimesimama nyuma yenu, sielewi nusu ya mliyokuwa mnasema, na nilikuwa na furaha kiasi kwamba nilihitaji kushika bodi ya gari.

Mwaka huu mzima tumefanya kazi pamoja na nimekuwa nakuiga kwa siri. Hukugundua. Unapotoka kwenda dukani nachukua mita napima nilichokwishakitaja kwa mdomo, nione kama nimepatia. Mara nyingi sipatii. Juzi mteja kutoka Mwanhuzi kaleta gari taa inawaka, akaniuliza ni nini. Nikamwambia, "Sijui. Niachie mpaka kesho nipime." Nilitazamia aondoke. Akanipa ufunguo akaenda kula. Ilikuwa rahisi hivyo, na mimi nimeishi nusu ya umri wangu naliogopa neno hilo.

Huko Dodoma utakosea. Siandiki hivi kukutisha. Utafunga kitu vibaya, utakata bolti, utaharibu cha watu. Mimi sikuharibikiwa na bolti. Niliharibikiwa na neno "nimelisafisha," halafu na miaka niliyoliacha likae. Ukikata bolti, useme siku hiyohiyo. Ukichelewa ukasema siku ya tatu, bado useme. Na ukijifunza kitu ambacho mimi huku nakifanya vibaya, nipigie. Usiogope kuniumiza. Nitakuwa nasubiri simu hizo, nakwambia kweli, nina hamu nazo kama mtoto.

Kuna jambo moja sijakwambia, kwa sababu limetokea leo wewe ukiwa Nyalikungu.

Unajua Mhoja tangu arudi kazini kwa shangazi yako ananiamkia tu, kisha anapita. Analeta gari gereji, anakupa ufunguo wewe. Mwaka mzima. Sijamlaumu, yule anayo haki yake. Leo, nilipokuwa nafunga gereji, amesimamisha gari akashuka. Akaniuliza kesho unasafiri saa ngapi. Nikamwambia basi la Dodoma tunalipandia Shinyanga, itabidi tutoke hapa alfajiri, na bado natafuta usafiri.

"Usitafute," akasema. "Nimeshamwomba mama mwenye gari ruhusa. Nampeleka mimi."

Nikamshukuru, wabeja sana, nikamwambia siyo lazima.

"Najua siyo lazima, baba. Yeye ndiye aliyenirudishia jina. Nampeleka mimi." Akapanda gari, halafu akatoa kichwa dirishani. "Na wewe uje. Usimuage binti yako hapa mlangoni kama mgeni."

Kwa hiyo kesho alfajiri tunakwenda wote. Kaa mbele na Mhoja, Kabula, mwongee. Mimi nitakaa nyuma na begi.

Baba yako